Kiraka Hakivutiki

Nabintu wangu, maman mudogo uliyebeba jina la mama yangu,

Masomo yangu unayajua: nilitoka shule mwaka wa ine, juu mwalimu alikuwa na fimbo na mimi nilikuwa na mbio. Basi usihesabu makosa. Soma tu.

Unakumbuka siku uliyoniharibia mupira? Nilikuwa hapa Kasha kwenye kwado yangu, naziba matairi, tonton yako Deo anasinzia kando, ukarudi kutoka iniversite na maneno makubwa. Ukasema ulimwengu unapanuka. Nikakuuliza: "Unapanuka kwenda wapi, na huku kwetu hata nafasi ya choo tunagombania?"

Ulikata kipande kirefu cha mupira wa ndani, ukachora alama za chaki. "Papa, hizi ni galaksi. Kila moja iko na nyota kama muchanga. Shika hapo, uvute." Tukavuta. Alama ya karibu nami ilisogea kidole kimoja. Ile ya mwisho ilikimbia mukono muzima. "Umeona? Hakuna alama iliyotembea. Ni mupira wa katikati ndiyo unaongezeka. Galaksi ikiwa mbali zaidi, inazidi kwenda mbio."

Nikasema: "Sawa, profesa. Sasa rudisha mupira, muteja anangoja." Ukanirushia chaki. Halafu ukagusa kiraka changu cha zamani kwenye mupira uliobaki, ukacheka, ukaniambia neno nitakalokukumbusha hapo chini.

Kipande hicho ndicho kilifunga valizi yako kwenye pikipiki siku ya kuondoka kwenda kusoma nyota ngambo. Nilikufuata na pikipiki ingine mupaka Miti, njia ya uwanja wa ndege, nikageuka. Nilisema ni vumbi imeniingia macho. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.

Mwanzoni ulipiga simu kila juma, siku ya Mungu, kisha misa. Halafu kila mwezi. Halafu Noeli tu. Na sasa umeandika: "Papa, usiningojee."

Tonton yako Deo alisikia. Si unamujua mudogo wangu, katekista anayebariki hata pombe ya kasiksi mbele ya kuinywa. Akaita jamaa yote juu ya kale kaparsele ka kujenga niliyokupa nyuma ya nyumba. Akasimama kama iko kwenye altare: "Yaya, mukubwa wangu, Nabintu mwenyewe alitufundisha. Kitu cha mbali kinazidi kuwa mbali. Iko galaksi ambazo mwangaza wao hautatufikia hata siku moja. Tumupe mutoto wangu parsele, ajenge." Watu karibu wote wakaitika amina.

Nikaleta ule mupira uliobaki, wenye kiraka. "Deo, vuta." Akavuta mupaka mishipa ya shingo ikatoka.

"Mupira umevutika?"

"Umevutika, Yaya."

"Na kiraka?"

Akaangalia. Kiraka kilikuwa vile vile.

"Nabintu alifundisha na hiyo, siku aliyogusa kiraka akacheka, lakini wewe ulikuwa unasinzia. Galaksi yenyewe haipanuki ndani, juu nyota zake zimeshikana. Na galaksi kubwa ya jirani, hiyo haikimbii. Inakuja kwetu! Njia tu ndiyo ndefu."

"Sasa itafika lini?"

"Wewe utakuwa umekufa, na padri wako pia. Lakini inakuja."

Walicheka, lakini kucheka si kukubali. Kwa hiyo kesho yake nilihamisha kwado yote, pompi, beseni, na kiti changu, nikaviweka katikati ya parsele yako. Wateja wanalalamika kuzunguka nyumba. Wazunguke. Anayetaka udongo huo aanze kwa kuniondoa mimi, na unajua nilivyo muzito.

Sikuombi urudi kesho. Angalia nyota zako, uzihesabu vizuri. Lakini kunikataza kungoja, hapana! Tangu lini mutoto anamutuma baba yake? Zile zinazokimbia zikimbie. Mimi na wewe hatukuchorwa na chaki.

Ni mimi papa yako, niko nyuma ya nyumba, nimegandama kama kiraka.