Aliyekuwa Ndani ya Matete ya Bwawa la Tatu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Kuanguka kwa daktari wa meno kwenye mabwawa ya majitaka
Shahidi: Mwanamume, miaka 53
Kazi: Kushona viti vya magari
Elimu: Darasa la sita
Makazi: Nyumba za kupanga nyuma ya soko la mitumba
Uhusiano na mtuhumiwa: Mjomba wake

Mimi ni mtu ninayejulikana. Katika chama chetu cha watazamaji ndege wananiita Jicho, kwa sababu ndege namtambua kabla hajatua. Afande ameniambia niseme ya tukio tu, kwa hiyo nafupisha.

Kila mwanachama ana orodha ya ndege aliowaona au kuwasikia. Ndege adimu akitokea tunaacha kazi, tunaacha hata wagonjwa, tunakimbia. Mwenye orodha ndefu ndiye mkubwa. Daktari wa meno alikuwa na ndege mia sita na kumi. Mimi nina mia tano na kitu, ila wangu ni wale wagumu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu nilitangaza kwenye kundi letu la simu kwamba nimemwona, bwawa la tatu, ndege mdogo wa matete mwenye koo jekundu, ambaye hajawahi kuonekana sehemu hizi. Watu walikuja siku mbili, wakaambulia mbu. Daktari akaandika, "Jicho, huyo ndege anatuogopa sisi, au anakupenda wewe?" Wakacheka wote, hata yule mama mstaafu wa posta ambaye huwa hacheki. Kwenye chama, mtu akibainika amedanganya, orodha yake yote inafutwa. Yangu ni ya miaka kumi na tisa.

Mnamo tarehe 12, saa 12:25 asubuhi, niliingia mabwawani. Geti alinifungulia mpwa wangu, binti wa dada yangu, ambaye ndiye msimamizi pale. Aliniambia, "Mjomba, tuta la bwawa la tatu limeoza kwa chini. Wenzako waishie kwenye kamba." Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimetembea kwenye matuta mama yako hajaota meno." Kamba aliifunga yeye. Kibao cha hatari alikiandika yeye. Hilo naomba liandikwe vizuri.

Saa 1:10 wenzangu tisa, niliowaita waje wahakikishe, walifika, wakasimama nyuma ya kamba. Daktari akasema, "Nampa Jicho dakika ishirini. Baada ya hapo orodha yake tunaizika." Nilimsikia, lakini sikuwa pamoja nao. Katika maelezo ya jana nilisema nilikuwa chooni. Sikuwa chooni.

Nilikuwa ndani ya matete, mbele yao, maji machafu magotini. Nilikuwa na simu na spika ndogo. Kwenye simu kulikuwa na sauti ya ndege huyo, iliyorekodiwa nchi nyingine. Chama kinakataza kupiga rekodi, kwa sababu ndege akiisikia hudhani amevamiwa, huacha mayai yake na kuhangaika mpaka achoke. Kuna mtu nilimfukuzisha mimi mwenyewe kwa kosa hilo.

Nilipiga mara tatu. Hesabu yangu ilikuwa watasikia, wataandika, wataenda zao. Sikufikiria kwamba watu hawa wakisikia miguu haitulii. Mimi ningekuwa kule, ningekimbia vilevile.

Daktari aliruka kamba, darubini inamgonga kifuani. Mpwa wangu akamfuata mbio akipiga kelele, "Dokta, rudi! Tuta bovu hilo!" Alimkamata shati mgongoni kwa mikono miwili. Likamponyoka. Tuta likakatika, daktari akazama mpaka kichwa.

Wenzangu wamesema alisukumwa. Walikuwa nyuma, waliona mikono ya mtu mgongoni mwa mwenzake. Mimi nilikuwa mbele, hatua nane hivi. Niliona vidole vimelikunja shati. Alikuwa anavuta. Kisha alilala kifudifudi kwenye tope, akamtoa peke yake.

Mimi nilisimama palepale. Spika ilikuwa bado inaimba. Niliizima kwanza. Halafu nikatokea upande wa nyuma.

Daktari hajazinduka mpaka leo. Mpwa wangu yuko mahabusu siku ya pili. Asubuhi hii dada yangu alinikuta kwenye benchi hapo nje, akaniuliza, "Kaka, wewe hukuona chochote?" Nikamwambia nilikuwa chooni.

Afande ameniuliza kama ndege huyo nilimwona kweli tarehe 9. Nimesema ndiyo. Ameniuliza tena.

Hapana. Nilimwona kwenye picha.

Nimesomewa yote niliyosema, ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyenilazimisha.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maandishi ya afisa: Nimeyapokea saa 5:40 asubuhi. Simu na spika vimechukuliwa kuwa vielelezo. Shahidi ameonywa na sasa anashikiliwa kama mtuhumiwa. Mpwa wake ameachiwa saa 6:15 mchana. Wamepishana kwenye korido. Shahidi alimwambia, "Nenda nyumbani, mama, ukapumzike." Binti aliniuliza mimi daktari amelazwa wodi gani.