Ubao wa Saluni Uliochorwa na Mzee Luka

Mzee Luka,

Wiki iliyopita nilienda Westlands kwenye maonyesho ya michoro yako. Sijalia bado, na usinione mbaya. Tangu niambiwe umezikwa kwenu Ufaransa, niko tu. Nasuka, nakula, nalala, asubuhi nafungua saluni.

Wah, kumbe ulikuwa mtu mkubwa hivyo! Foleni ilifika barabarani. Watu wazima wamekumbatia vitabu vyako vya katuni, na kijana mmoja wa kwenu akaniambia huko Ufaransa hata nyanya yake anavyo. Eti hujawahi kukosea mstari. Mimi nilikujua kama mzungu wa mtaa wa Karen anayekuja Kenyatta Market kula nyama choma, kisha ananizibia mlango wa saluni kwa kiti chake.

Nikaukumbuka ule ubao. Uliponiomba nikuache unichoree bango la saluni, nilidhani ni mzaha. Ukachora mwanamke mrembo, lakini matuta ya nywele yanaanzia kisogoni yakija usoni! Nani husuka hivyo? Wateja walicheka, mmoja akageuka akaenda kwa jirani. Nikamwita fundi wa mabango, akapaka rangi juu. Siku uliyokuja ukaona, nilitaka kujificha. Wewe ukacheka hadi ukakohoa. "Mama Nekesa, hiyo isionekane tena, tafadhali. Nifundishe." Ukakaa wiki nzima na kichwa cha plastiki cha kujifunzia mapajani, vidole vimekukataa kabisa, wasichana wangu wakikucheka.

Sasa watu wa maonyesho wamesikia habari za ubao. Wanataka kukwangua rangi ya juu waipate picha yako, waipeleke Ufaransa. Wana adabu, na wameahidi kunipangishia duka la kweli, lenye maji ya bomba. Wasichana wanasema, "Mama, chukua. Amekufa, hatajua." Siku tatu nimeutazama huo ubao na sihisi chochote, hata tamaa.

Lakini kule Westlands, ukuta wa mwisho, waliweka picha uliyochora kabla ya kuugua. Mwanamke amekaa kwenye kiti cha saluni, ametupa ubavu. Nikasogea, nikayafuata matuta kwa kidole. Yanaanza kwenye paji, yanapinda juu ya sikio, yanaishia kisogoni. Mlinzi akanikaripia nisiguse. Aki Mzee, uliweza! Nilitaka kumwambia yule mlinzi mchoraji huyu nilimfundisha mimi.

Leo asubuhi wamekuja kuchukua jibu. Nimewaambia hapana. Uliniomba isionekane, na haitaonekana. Ubao utakaa juu ya mlango na rangi yake, na nikihama nitahama nao. Wao waendelee kusema hukuwahi kukosea.

Nenda salama, mwanafunzi wangu. Kiti chako bado kiko mlangoni. Leo mteja alitaka kukikalia nikamwambia kina mtu.

Mama Nekesa