Mlango wa Tano

Mama Watoto,

Chai iko kwenye chupa, ufunguo uko kwa jirani. Nimempeleka binti yako kwenye kambi ya hesabu. Ndiyo, mimi yuleyule niliyesema jana haendi mtu.

Asubuhi nilitaka kukata ubao, nitoe milango minne ya kabati. Akapita na mswaki mdomoni: "Baba, ukiulaza upande huu inatoka mitano." Nikamwambia nilianza kukata mbao kabla hajazaliwa. Halafu nikapima. Mara tatu. Mitano, mama, na hakikubaki hata kipande cha kuwashia moto.

Nitamfuata ~~Ijumaa~~ kambi ikiisha.

Penseli yangu ya kazi usihangaike kuitafuta. Ameondoka nayo sikioni.

Baba Watoto