Intakula Yetu Nimeiona Kwenye Lori la Shemeji

Shangazi Vitalia mpendwa, shikamoo. Naomba unisikilize mpaka mwisho na usinicheke, maana nimeshachekwa na mume wangu, na shemeji yangu, na hata dada Beata ambaye ndiye aliyenishauri nikuandikie, sasa sijui kama ni wivu tu unanisumbua au nina akili timamu.

Mimi ni mkulima wa kahawa huku Maguu, mume wangu Sixbert ni dereva, na tuna lori moja tulilonunua pamoja kwa jasho letu. Tangu Pasaka akawa anashuka ziwani kila Jumamosi, anasema anafuata usipa, wale dagaa wa ziwani, lakini lori likirudi halinuki usipa hata kidogo, linanuka dizeli na matairi yaliyoungua, na simu anailaza kifudifudi, na mdogo wake Mansuetus ambaye ni fundi na ana lori lake akimpigia anakwenda kuongelea nyuma ya banda la nguruwe. Nikajua tayari, kuna mwanamke. Nikakodi bodaboda nikamfuata hadi upande wa Lundo, nimejitanda kanga usoni kama mtu anayekwenda msibani, na mwanamke, shangazi, sikumkuta. Nilikuta watu wamejaa pande zote mbili za barabara pale iliponyooka, malori mawili yamesimama sambamba, mtu anashusha kitambaa, yanachomoka kwa ngurumo, la kwanza kufika kwenye kibao cha shule ndilo bingwa, na watu wanawekeana dau. Wote walikuwa wanamsifu Sixbert, wanasema huyo hashindiki.

Nyumbani hakukana. Akasema ni mchezo tu wa madereva, nami nikamshukuru Mungu si mwanamke. Lakini baada ya siku chache nikaona mbele ya injini pana uwazi, intakula haipo. Ni kitu kama rejeta, ila chenyewe kinapoza hewa inayotoka kwenye tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, kabla haijaingia kwenye injini. Yetu naijua vizuri kwa sababu ilitobolewa na jiwe tukipandisha mbolea, ikachomelewa pembeni, ikabaki na kovu kama la chanjo begani.

Nikamuuliza, "Baba Tobias, intakula iko wapi?"

"Mansu ameitoa. Lori la mashindano halihitaji intakula, mama. Mbio zenyewe ni kufumba na kufumbua, hewa inatoka kwenye tabo inaingia moja kwa moja."

"Na mzigo wa kahawa?"

"Msimu ukianza tutairudisha."

Mansuetus alikuwapo, akacheka, akasema, "Shemeji, wewe palilia mibuni yako, haya ya tabo tuachie sisi."

Jumamosi iliyopita nikashuka tena bila kuaga. Safari hii mume wangu alishindana na mdogo wake huyo huyo. Lori letu likatoa moshi mweusi mpaka waliosimama nyuma wakapotea humo ndani, la Mansuetus likaondoka safi na kushinda, na waliomwekea dau Sixbert wakashika vichwa. Wakati wengine wanashangilia nikapita mbele ya lori la shemeji kama ninayetafuta kivuli, nikachungulia kwenye matundu ya mbele, nikaliona lile kovu.

Ni yetu, shangazi. Sijamwambia Sixbert, maana akijua ndugu yake kamwibia atashika panga, na mama mkwe atasema mimi ndiye mchonganishi wa wanawe. Naomba uniambie jambo moja tu: lori la mashindano linahitaji intakula au halihitaji? Kama halihitaji, mbona shemeji kaifunga kwenye lake?

Mke wa dereva, Maguu
(Majina yote yamebadilishwa.)

*

Marahaba, mwanangu. Sikucheki.

Swali lako nimelipeleka kwa Steven, fundi wa injini za dizeli hapa Songea. Anasema tabo inaposhindilia hewa inaipasha moto, na hewa ya moto ni hafifu, haitoshi kuunguza dizeli yote. Ndiyo maana uliona moshi mweusi. Kwa mbio fupi lori litakwenda bila intakula, na wapo wanaofanya hivyo. Hapo mumeo alisema ukweli, ila nusu. Likishindana na lori lenye intakula, litaachwa. Likipandisha Maguu na mzigo, joto litakula pistoni.

Sasa nikukaripie. Umemfuata mtu mpaka ziwani mara mbili, umechungulia lori la watu, halafu swali la kuuliza mezani umelileta gazetini! Na lililo wazi umelipita. Wewe uliitambua intakula kwa kuchungulia mara moja tu. Mumeo, anayelala chini ya lori hilo na spana mkononi, alisimama ubavu kwa ubavu na lori la mdogo wake asiione? Mwanangu, hakuibiwa.

Sikutaka kumsingizia mtu kwa kubahatisha, ndiyo maana nilikupigia kabla ya kuchapa haya. Nikakwambia umuulize mbele ya Mansuetus, kwa upole: "Nani alimwekea Mansu dau?" Kesho yake ukanipigia unalia. Ulisema Mansuetus alitazama mlango, na Sixbert akaanza kueleza hata kabla hujarudia swali. Dau hilo waliliweka wao wenyewe, kwa kumtumia mtu wa Lundo, wakaitoa intakula ili Sixbert ashindwe makusudi. Angepunguza mwendo kwa mguu, watazamaji wangesikia injini ikilegea. Moshi haumshitaki mtu. Na ile hadithi ya "halihitaji" ilitungwa kwa ajili yako, uache kuuliza.

Basi futa machozi ushike kazi. Intakula irudi kwenye lori lenu wiki hii, ifungwe na fundi mwingine wa Mbinga, nawe uwe umesimama pale pale. Mpaka hapo funguo zikae kwako, na wanao wasipande. Mbio hizo ziishe. Barabara yenye kibao cha shule si uwanja, na akirudi huko nenda kituo cha polisi, usione aibu. Mansuetus mwambie wazi kwamba lori lenu hagusi tena. Na mumeo akikubali yote haya haraka mno, muulize upya.

Lililo la haraka kuliko yote ni hili: wote wawili washuke Lundo kabla ya Jumamosi, wafuatane na mtu anayeheshimika huko, warudishe dau la kila waliyemdanganya na waseme kwa vinywa vyao walichofanya. Usimwonee huruma akisema ataaibika. Matundu yale ya mbele yanachungulika na kila mtu. Watu wa Lundo wakija kwenu kabla mumeo hajaenda kwao, hawatakuja kuuliza.