Kipochi cha Damu ya Mzee

Jumatatu, 3 Juni

Sare tatu za shule tangu asubuhi. Vidole vimekufa ganzi. Hata huku Iringa, bondeni Ipogolo, baridi imeingia mwaka huu.

Saa nane wakala wa basi kapiga simu, kuna mzigo wangu kutoka Mbeya. Bahasha ya kaki. Ndani kipande cha kitenge, nusu mita na ushee, rangi ya damu ya mzee, maua madogo ya dhahabu. Na karatasi ya Atu, mwanangu: "Mama Iringa, naomba unishonee kipochi cha mkononi cha send-off. Zipu juu, mifuko miwili ndani, mmoja simu ienee. Wewe ndo fundi ninayekuamini."

Nimeisoma mara nne. Nimelia. Ana miaka ishirini na sita, na hii ni mara ya kwanza kuniomba kitu.

Jumanne, 4 Juni

Nimekiangalia kitenge kwenye mwanga wa dirishani. Hiki si cha wageni. Kwenye send-off, binti anapoagwa kwao kabla ya harusi, mama yake huwa na kitambaa chake peke yake, wengine wote sare moja. Nimeshona sare za shughuli hizo miaka kumi na tano, nani wa kunifundisha? Ameanza na kipochi. Kitambaa cha gauni kitafuata. Nitakaa meza ya mbele na kitenge changu.

Kuuliza sitauliza. Mtu anamuulizaje mwanawe, "Mimi nimo?"

Ijumaa, 7 Juni

Nimekata. Pande mbili za nje, pande mbili za bitana, kanvasi katikati ili kisilegee. Bitana nimechukua satini ya krimu niliyokuwa nimeificha tangu Krismasi. Mfuko wa simu nimepima kwa simu yangu, nikaongeza vidole viwili. Simu za siku hizi zinanenepa.

Mama Vumi, jirani, kaja kuazima pasi. Nikashindwa kunyamaza. Nikamwonyesha kitenge, nikamwambia hiki ndicho nitakachovaa Mbeya. Kakigeuza, kakirudisha mezani.

"Dada, umeambiwa au umejiambia?"

Pasi nimempa. Chai sikumpa.

Jumatatu, 10 Juni

Siku mbaya. Nimeunganisha nje na bitana, mzunguko mzima, mshono umenyooka kama rula. Nikataka kukigeuza. Zipu nilikuwa nimeifunga. Kipochi kizima kimejifungia ndani, hakuna pa kuingiza hata kidole. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza! Nimefumua uzi mmoja mmoja kwa wembe. Mara mbili nimejikata.

Najua akili ilikuwa wapi. Ilikuwa Mbeya, siku niliyoondoka. Baba yake Atu alishasema ndoa basi, na ndugu zake wakasema mahari ilitolewa, mtoto ni wa ukoo. Atu alikuwa na miaka sita. Alikuwa anakula ndizi mbivu mlangoni, akaniuliza nitarudi lini. Nikamwambia Jumapili.

Sikurudi Jumapili. Nilirudi baada ya miezi saba, nikamkuta anamwita Mama Gwakisa, mke mpya wa baba yake, "Mama". Na mimi nikawa Mama Iringa.

Kila Januari nilimtumia sare za shule nilizomshonea kwa mkono wangu. Hazikuwahi kumkaa vizuri. Vipimo vyake nilikuwa nakisia.

Alhamisi, 13 Juni

Kimekwisha. Pembe zimesimama, mifuko imelala, zipu inakwenda. Katika maisha yangu sijashona kitu kizuri kuliko hiki, na sisemi kwa majivuno. Nimekipeleka stendi mwenyewe.

Jioni Atu kajibu. Mioyo mitatu na "asante jamani." Kuhusu gauni, kimya.

Jumatano, 19 Juni

Bahasha imekuja. Kijani.

Nimeitikisa. Hamna kingine. Kijani, kitenge cha kawaida kabisa, na kikaratasi: "Sare ya ndugu na wageni."

Nimekaa nacho mapajani mpaka ugali ukaungua. Halafu nikajipa moyo. Labda damu ya mzee atavaa yeye mwenyewe, binti. Ndiyo maana kipochi. Atakishika mkononi siku yake kubwa, watu watauliza kimetoka wapi, atasema kwa mama yangu. Hiyo inanitosha. Nimeshona gauni la kijani. Mgongoni limenibana, nimeliacha hivyo hivyo.

Jumapili, 30 Juni

Naandika nikiwa nyumbani kwa binamu yangu, huku Uyole, Mbeya. Wenyeji bado wamelala. Basi langu saa tatu.

Jana ukumbini walinikalisha meza ya sita, na wamama wa kijani. Chakula kizuri. Kamati imejitahidi.

Atu aliingia kwa dansi, kavaa gauni jeupe. Mikono mitupu. Nikasema kipochi atakuwa amemshikisha msimamizi wake. Msimamizi alikuwa na cha kwake, cha fedha.

Ndipo MC akasema mama wa binti asimame. Mwili wangu ulinitangulia. Nilikuwa nimeshajiinua nusu, mkono juu ya meza, nilipomwona Mama Gwakisa anasimama mbele. Damu ya mzee juu mpaka chini, na kilemba. Nikajifanya natengeneza gauni. Mama mmoja pembeni aliona, akageuza uso. Namshukuru.

Atu akapiga magoti. Akatoa kipochi kwa mikono miwili. Akasema kwenye kipaza sauti, "Mama, umenilea toka nikiwa na miaka sita. Sijawahi kulala njaa kwako. Hii zawadi ndogo, imetoka kwenye kitenge chako." Mama Gwakisa akakiinua juu, akakizungusha watu wakione. MC naye, mdomo haumtulii: "Kuzaa si kazi, kazi kulea!" Ukumbi mzima vigelegele.

Na mimi nilipiga. Nilipiga kuliko wote mezani.

Keki ilipofika zamu yetu, Atu alinilisha kipande, akaniinamia sikioni. "Asante, Mama Iringa. Kimetoka vizuri mno." Alikuwa na furaha ya kweli. Hakujua alichofanya. Ningekuwa na hakika kwamba alijua, ningekasirika. Kwa kutojua kwake nimekosa hata hasira.

Naumwa. Si kichwa, si tumbo. Naumwa tu. Naondoka bila kuaga.

Alhamisi, 4 Julai

Nimefungua kazi tena. Suruali mbili za kupunguza, shuka moja la kupinda. Jua limetoka kidogo.

Mchana namba ngeni. Mama Gwakisa. Katika miaka ishirini hajawahi kunipigia. Kanisalimia kwa heshima, kauliza safari.

Akasema alikigeuza kipochi ndani nje kuangalia mshono, ndipo akamuuliza Atu fundi ni nani. "Sikujua, dada. Haki ya Mungu sikujua. Ningejua nisingekipunga vile mbele yako. Nikurudishie?"

Nilitaka kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa tayari.

Nikafikiria nani alimwogesha. Nani alikaa naye malaria zile zote, nani alimsuka kwenda shule na sare zangu zisizomkaa. Nikamwambia hapana. Umelea wewe, kibebe wewe. Iliniuma kila neno, na kila neno ni kweli.

Alianza kulia. Mimi sijui kubembeleza watu kwa simu. Nikamwambia zipu ile bado mpya, ikikaza asiivute kwa nguvu, apake mshumaa kidogo kwenye meno yake, pande zote mbili, italainika.

Akasema atafanya hivyo. Akapenga kamasi, akashukuru kwa lugha ya kwao. "Ndaga fijo, Mama Atu."

Huko Mbeya hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo tangu nilipoondoka.