Mfarishi wa Nyumba Mbili

Moshi, 1 Septemba 1913

Mama yangu Nkasiogi,

Shikamoo. Pokea na shikamoo ya mume wangu Naftali, ambaye kama ujuavyo hawezi kukutazama usoni, lakini kwenye karatasi anajipa ushujaa. Sisi ni wazima. Watoto wa shule wanamchosha, funza wanampumzisha kwa kumlaza na mguu juu. Baba hajambo? Ng'ombe je? Na Nanyori, wifi yangu, ameshazoea moshi wa jiko lako, au bado analia mkidhani anakumbuka kwao?

Sasa jambo lenyewe. Mama mkwe wangu Soila ametuma habari. Jumapili ya mwisho ya mwezi huu anachinja beberu huko Akheri, na anataka nyumba yenu na nyumba yake mle pamoja. Tangu harusi yetu hamjaketi hivyo, na sababu tunaijua. Ulisimama mbele ya Wameru wote ukasema, "Sisi Waarusha hatutoi mtoto akalale na baridi, nitamshonea mfarishi." Watu wakapiga makofi. Mwaka wa pili huu, mama, nalala na baridi na makofi.

Yeye hajasahau. Kila siku ya soko Tengeru anawauliza wauza ndizi kama wameuona mfarishi ukipita. Anauliza kwa sauti. Ukienda Akheri mikono mitupu, tutaitwa watu wa maneno mpaka tuzeeke. Nakuomba uumalize.

Binti yako,
Penina


Moshono, 6 Septemba 1913

Mwanangu Penina,

Marahaba. Na ya mume wako nimeipokea nikiwa nimegeuza uso, heshima isipungue. Hapa tu wazima. Baba yako Meitamei anakohoa asubuhi tu, wakati wa kutoa samadi. Jioni penye pombe kifua kinapona chenyewe. Nanyori bado analia. Nimechunguza, ni moshi kweli.

Usicheke mwandiko wangu. Herufi hizi niliziiba begani mwa kaka yako Sironka alipokuwa akisoma, na zimeinama kwa sababu nilikuwa nikichungulia kutoka upande wa kushoto.

Maneno ya Soila yamenifikia hata kabla ya barua yako, maana sauti yake haihitaji mpagazi. Basi nimetangaza nyumbani kwamba mwezi huu ni wa kumaliza, hakuna kuanza kitu. Baba yako akauliza kama kuzungumza nako kumo. Nimekwisha kumaliza gauni la Nanyori, ambalo lilikuwa na mbele bila nyuma. Kisha nikalichukua koti la baba yako. Unalikumbuka, lile lenye mkono mmoja tangu mvua za mwaka juzi. Nikamshonea mkono wa pili, akauvaa, akatembea mpaka zizini, akarudi. "Utoe," akasema. "Unaushika mkono wa fimbo. Nimekwisha kuwa mtu wa mkono mmoja, ng'ombe wananijua hivyo." Nimeutoa. Hiyo nayo naihesabu kuwa kazi iliyomalizika.

Umebaki mfarishi. Nao nimeupatia shauri. Vipande vya dukani ni nguo tu. Mimi nataka watu. Kila mtu wa nyumba hizi mbili atoe kipande cha vazi alilolivaa, nikishone na mwenzake, ndani nitie blanketi kuukuu, chini kitambaa cha merikani. Soila akijiona humo ndani atautukana vipi? Nimemtuma jirani yetu Maria aende Akheri akaombe cha Soila na cha mumewe, Mzee Sumari. Wewe niletee chako na cha Naftali. Upesi.

Mama yako,
Nkasiogi


Moshi, 11 Septemba 1913

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, na haraka yako nimeisikia mpaka huku.

Mpagazi anakuletea kitambaa changu cha kichwa cha siku ya harusi, nusu yake, na mkia wa shati la Naftali la kufundishia. Aliposikia ni wewe unayetaka, alilivua kama mtu aliyeitwa bomani. Sasa analichomeka ndani sana, na akiandika ubaoni hanyooshi mkono juu, darasa lisije likaona palipokatwa. Watoto wanasema mwalimu siku hizi anaandika chini chini.

Shona, mama. Nimeshaanza kujivuna hapa kwa majirani, usiniaibishe.

Binti yako,
Penina


Moshono, 19 Septemba 1913

Mwanangu Penina,

Natumaini barua hii inakukuta mzima kuliko inavyoniacha mimi. Mwili hauna neno. Moyo ndio umekaa kama mtu aliyekaribishwa kiti, kisha kikaondolewa.

Nianze na sifa, maana ninazo. Mfarishi umekwisha. Katikati nimeweka bandera, nguo nyekundu ya shuka la baba yako la ujanani. Ukiianika juani bado inanuka mafuta na udongo mwekundu. Shati la mume wako nimelikata pembetatu, zimekaa kama meno. Gauni la maua la Nanyori lilibakiza kitambaa, nacho kimo. Leso yangu imo, kitambaa chako kimo, kipande cha Sironka kimo, kipande cha blanketi la Mzee Sumari kimo. Soila amenipa pindo la kaniki yake kuukuu. Pindo, si katikati, nimeliona hilo, lakini nimelipa ukingo likakaa vizuri. Ndama alitafuna pembe moja nikaishona upya, na sasa ndiyo pembe nzuri kuliko zote.

Nikautandaza kwenye majani mbele ya nyumba. Wanawake wakaja, wengine kutoka Sokon. Wakaushika, wakaugeuza, wakatafuta mshono uliokwenda upande wasiupate. Hata Maria, ambaye hasifu kitu asichokishona mwenyewe, akasema, "Mh." Mara mbili. Penina, nilisimama pale nikajiona mrefu.

Ndipo baba yako akatoka zizini na koti lake.

"Hii nyekundu ni yangu?"

"Ni yako."

"Na hii nyeupe?"

"Ya Naftali, mkweo."

"Na hii ya maua?"

"Gauni la Nanyori, mke wa mwanao."

Akairudisha fimbo yake nyuma kama imegusa moto. "Mama Sironka, umewaunganisha watu vizuri sana. Sasa nani atajifunika?"

"Si watu?"

"Watu gani? Mimi nijifunike gauni la mke wa mwanangu? Wewe ujifunike shati la mkweo, mtu ambaye mkikutana njiani mmoja wenu huingia migombani? Penina alale na blanketi la baba mkwe wake? Naftali alale na leso yako? Umewakusanya watu wasiokalia hata kigoda kimoja, ukawalaza pamoja!"

Akaondoka akicheka mpaka akakohoa, na wala haikuwa asubuhi.

Wale wanawake wote walikuwa wanajua. Ndiyo maana Maria alisema "Mh" mara mbili. Na mimi, niliyelelewa kwa kugeuza uso, sikuliona. Nilikuwa natazama rangi.

Maria ananishauri nifumue, nitoe wakwe, nibakize wa damu. Sitafumua. Nikimtoa Naftali nimebakiza mfarishi wa Waarusha, nikiwatoa Waarusha nimemshonea Soila wake. Lakini Jumapili ile naiona inakuja, na Soila ana macho. Ataliona jambo hili kabla sijaufungua wote, na safari hii hatawauliza wauza ndizi, atawasimulia.

Niambie la kufanya. Mume wako ni msomi, muulize.

Mama yako,
Nkasiogi


Moshi, 23 Septemba 1913

Mama yangu,

Shikamoo, na pole. Nilicheka, kisha nikaona aibu, kisha nikacheka tena.

Nimemuuliza Naftali. Akasimama akanijibu kwa sauti ya darasani kwamba kitambaa ni kitambaa, na mbele ya Mungu hakuna pembe ya mkwe. Nikamuuliza, "Basi wewe utajifunika?" Akasema yeye usiku husikia joto. Mama, hapa theluji ya mlima tunaiona tukiwa mlangoni.

Kwa hiyo msomi hana dawa. Lakini usifumue. Mfarishi uliouahidi umekwisha, hilo Soila hawezi kulikana.

Jambo jingine. Naftali atakuja peke yake. Mimi akina mama wa hapa wamenikataza njia ndefu. Si homa. Usiniulize kwa barua, kwa sababu najua unazisoma barua zangu kwa sauti mbele ya Maria, na mambo mengine hayatangazwi kabla ya wakati wake. Nakwambia tu kwamba siku hizi nakula udongo wa kichuguu kwa hamu kama wali, na samli siwezi hata kuinusa.

Umeshaelewa. Acha kupiga kelele, Nanyori ataogopa.

Binti yako,
Penina


Moshono, 30 Septemba 1913

Mwanangu, mwanangu Penina,

Sikupiga kelele. Nilikwenda zizini nikamwambia ng'ombe, nikarudi nikaendelea kumenya ndizi. U mzima? Unalala? Huo udongo wa kichuguu upate ulio mkavu.

Naftali atakuwa amekwisha kufika, lakini usitegemee masimulizi yake. Muda wote alikuwa upande wa wanaume amenipa mgongo. Nisikilize mimi.

Tulifika Akheri kabla nyama haijaiva. Nanyori alibeba mfarishi kichwani, umefungwa kwa kamba. Soila akatupokea mlangoni, kilemba kipya, sauti ileile. "Karibuni, karibuni! Na mzigo? Ndio wenyewe? Nilidhani umeshikwa njiani ukalipe kodi ya kichwa!" Wanawake wake wakacheka. Nikamwambia, "Ulichelewa kwa sababu ulikuwa unakungojea wewe uingie ndani yake," nikakata kamba.

Nao ukafunguka, Penina. Ule ukelele wa kwanza ulikuwa wa kweli, hata wao hawakuuzuia. Soila akainama, kidole kikaanza kutembea. "Hiki changu. Hiki cha mzee. Hiki..." Kidole kikasimama. Akainua uso polepole, na niliiona furaha ikimpanda kutoka miguuni.

"Mama Sironka! Nani alale humu?"

Kisha mmoja nyuma akasema, "Labda Mjerumani, yeye hana wakwe huku!" Wakaanguka kwa kicheko. Baba yako upande wa pili akawa anaitazama fimbo yake, anangoja nizame.

"Yupo mmoja," nikasema.

"Nani? Hapa kila mtu ni mkwe wa mwenzake!"

"Si kila mtu." Nikanyamaza. Unajua mimi nikinyamaza watu husogea.

Soila akarudisha kidole. Sasa hakuwa akicheka, alikuwa akihesabu, midomo inacheza. Sumari, babu. Meitamei, babu. Yeye, bibi. Mimi, bibi. Sironka na mkewe, mjomba na mke wa mjomba. Kikafika kwenye zile pembetatu nyeupe, kikatua hapo, kikakaa. Akageuka upande wa wanaume. Naftali alikuwa ametazama juu kwenye paa la nyumba kama fundi aliyeitwa kuliezeka upya.

"Naftali!"

"Naam, mama."

"Mke wako anaumwa nini hata asije?"

"Haumwi, mama."

Basi. Soila akakaa chini, hapo hapo majanini, na kilemba chake kipya. Alipopata sauti ilikuwa ndogo, sikuwahi kujua anayo ya namna hiyo. "Mkwe mwenzangu," akaninong'oneza, "nguo haikatwi kwa mtoto asiyefika bado. Si vizuri."

"Sikumkatia yeye," nikamwambia. "Niliwakatia watu wazima. Heshima zenu ndizo zilizowanyang'anya."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, nami nikaanza, na tulipomaliza nyama ilikuwa imeungua upande mmoja. Halafu akainuka, akaingia ndani, akatoka na kaniki mpya ambayo haijaguswa na maji. Akaikunja mara mbili, akaipiga mkasi katikati, katikati kabisa, Mzee Sumari akasema "We!" naye akaendelea kukata.

"Lile pindo nililokupa lilikuwa la dharau," akasema. "Shona hiki. Hapa, karibu na ile nyekundu."

Nikakishona pale pale, watu wakinitazama mikono, na sikumruhusu mtu anitungie uzi. Baba yako alikuja akasimama nyuma yangu. Baadaye nikamsikia akiwaeleza Wameru kwamba ile nyekundu ya katikati ni yake.

Naftali alipoondoka hakuweza kuutia begani, kwa sababu ya leso yangu. Akamkodi mpagazi amtangulie hatua kumi. Nilifurahi. Mkwe mwenye adabu ni huyo.

Kula, ulale, usinyanyue maji.

Mama yako,
Nkasiogi


Moshi, 17 Februari 1914

Mama yangu, bibi wa mtu,

Shikamoo. Tuko wawili tunaokuamkia, mmoja kwa kilio. Ni msichana, ana nguvu, na kucha zake ni zako. Mimi nimeamka vizuri, uji nakunywa.

Mama Soila yuko hapa tangu juzi. Kila mtu anayepita mlangoni anaitwa aje auone "mfarishi wetu", na akiulizwa nani ameushona anajibu, "Sisi," kisha anatazama pembeni na kuongeza, "hasa mama yake Penina." Amenifundisha kumwogesha mtoto, amenifundisha kumbeba, na anapomlaza huuzungusha mfarishi mpaka kaniki yake ifike usoni kwa mjukuu. Akitoka kuchota maji, mimi nauzungusha, leso yako inarudi juu. Akirudi anauzungusha tena. Hakuna aliyesema kitu mpaka leo.

Mtoto mwenyewe hajali. Amelala katikati ya babu zake wote wawili, hamwogopi yeyote, hageuzi uso kwa mtu. Na anazikojolea nyumba zote mbili bila upendeleo.

Njoo umwone. Naftali anasema atalala shuleni ukiwapo, na kwamba anakusubiri kwa hamu.

Binti yako,
Penina