Pua ya Mtaa

Jumatatu, 4 Machi
Mtaa huu bila mimi ungeshakuwa majivu. Leo kikaoni wamekubali wenyewe, mikono juu! Nimechaguliwa mlinzi wa moshi. Niliwaambia pua hii inajua moshi wa mbao, wa plastiki na wa rangi hata nikiwa usingizini. Moshi wenyewe ukiniona hugeuka njia. Shule niliishia darasa la sita — walimu waliishiwa.

Adui ni seremala wa nyuma yetu. Kila jioni anachoma mabaki kwenye pipa. Mpwa wangu ana pumu. Tunaziba madirisha kwa taulo zilizolowa, ndani kama tanuri. Tumechoka.

Jumatano, 6 Machi
Bwana afya kaja mchana. Pipa baridi, majivu tu. Seremala anaapa ni mbao tupu, kavu. Mkavu macho kuliko mbao zake! Bwana afya kasema mbao tupu atamwonya tu. Zikiwa na rangi au vanishi, pipa linaondoka siku hiyohiyo. Ila mitaa yote hii ni yake peke yake, hawezi kutuvizia moshi. "Ukianza, mzee, nusa, nipigie. Ukinidanganya mara moja sirudi."

Nikamjibu sijadanganya tangu nizaliwe. Dada akakohoa — na moshi haukuwepo.

Alhamisi, 7 Machi
Wali umeungua, nami nimekaa palepale jikoni! Dada: "Haya, Pua ya Mtaa, na sufuria je?" Nikasema nilikuwa nawaza mambo makubwa. Mpwa kacheka mpaka kifua kikambana. Kalala ameketi. Sikupenda.

Ijumaa, 8 Machi
Hakuna moshi. Seremala kaniogopa.
(Na mvua pia ilinyesha.)

Jumamosi, 9 Machi
Moshi! Unapita chini ya mlango, macho yanawasha. Dada yuko kazini. Mpwa ndiyo kwanza kapata usingizi baada ya dawa yake ya kuvuta. Mdomo wazi, kifua kinapiga filimbi.

Nimempigia bwana afya. Yuko njia panda, ameitwa na upande wa pili pia. "Sema, mzee, mbao au rangi? Kama ni mbao naenda kule." Nikamwambia ngoja kwanza, upepo unanichanganya, nitakupigia. Nikatoa taulo dirishani. Nikanusa. Nikanusa tena mpaka machozi. Nikaziba.

Jibu analo mpwa. Siku zote ni yeye: "Mjomba, leo rangi." Mimi nikitoka nje natangaza. Lakini kumuuliza ni kumwamsha, nikamsimamishe dirishani auvute.

Simu inaita. Ni bwana afya.

Tangu ile homa ya mwaka juzi pua hii haisikii harufu yoyote. Hata kitunguu.